Mmea wa Derema na Hewa ya Mississippi

Septemba 1989, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilitoa ripoti ambayo haikuhusu roketi wala sayari. Ilihusu mimea ya kwenye vyungu. Waandishi wake, B. C. Wolverton, Anne Johnson na Keith Bounds, walikuwa wameifungia mimea ya sebuleni ndani ya masanduku ya plastiki angavu, wakaingiza humo mvuke wa kemikali zenye madhara, wakasubiri saa 24, kisha wakapima kilichosalia. Katika jaribio mojawapo, mmea uitwao 'Janet Craig' ulipunguza benzeni kwa takriban asilimia 78. Mwenzake, 'Warneckei', ulipunguza asilimia 70.

Majina hayo mawili ni ya kibiashara. Kitaalamu mimea yote miwili iliandikwa Dracaena deremensis, yaani Dracaena ya Derema. Na Derema iko kwenye milima ya Usambara Mashariki, jirani na Amani, mkoani Tanga. Wataalamu wa leo wanauhesabu mmea huo kuwa ni Dracaena fragrans, ndiyo masale ambayo Wachaga huyapanda mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi ya wazee, na ambayo mkosaji huyatuma kwa aliyemkosea kuomba suluhu.

Jinsi mmea wa msitu wa Tanga ulivyofika kwenye maabara ya anga huko Mississippi na kupewa kazi ya kusafisha hewa ni historia ya miaka zaidi ya mia mbili. Katika historia hiyo jambo moja linajirudia. Karibu kila mara wazo la mmea kusafisha hewa lilipothibitishwa, lilithibitishwa ndani ya chombo kilichofungwa. Kila mara lilipopotoka, lilikuwa limeshatolewa humo na kuhamishiwa kwenye nyumba zenye milango na madirisha.

Nanaa ya Leeds

Mwaka 1771 Joseph Priestley alikuwa mchungaji mjini Leeds, Uingereza, na muda wake wa ziada aliutumia kuchunguza hewa. Ilijulikana tayari kwamba mshumaa unaowaka ndani ya gudulia lililofunikwa huzimika baada ya muda, na panya akifungiwa humo hufa. Priestley alijiuliza swali lililofuata: kama kila moto na kila pumzi huiharibu hewa, imekuwaje hewa ya dunia haijaharibika yote tangu enzi na enzi?

Tarehe 17 Agosti mwaka huo alitia kijiti cha nanaa kwenye hewa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika. Tarehe 27 aliingiza mshumaa mwingine, nao ukawaka bila taabu. Alirudia jaribio kwa spinachi na hata kwa gugu la bustanini lisilo na harufu nzuri, akapata matokeo yaleyale. Hivyo akajua kwamba manukato ya nanaa hayakuhusika. Uhai wa mmea wenyewe ndio uliofanya kazi. Panya aliyewekwa kwenye hewa iliyokaa na mmea aliendelea kupumua.

Matokeo yalichapishwa 1772, na mwaka uliofuata Royal Society ya London ikamtunukia nishani ya Copley. Rafiki yake Benjamin Franklin alimwandikia akisema anatumaini kwamba habari hizo zitawapunguzia watu pupa ya kukata miti iliyo karibu na nyumba zao, kwani wengi waliamini miti ya jirani huleta hewa mbaya. Barua hiyo ilikuwa ya busara, lakini ilivuka hatua kubwa kwa wepesi. Priestley alipima gudulia. Franklin alikuwa ameshafika kwenye ua wa nyumba.

Hofu ya usiku

Aliyefuata alikuwa daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz. Alikuwa ameshapata jina Ulaya mwaka 1768, alipoikinga na ndui familia ya Malkia Maria Theresa huko Vienna. Majira ya joto ya 1779 alipanga nyumba karibu na London, na kwa muda usiofika miezi mitatu akafanya majaribio zaidi ya 500. Alizamisha majani majini, akakusanya mapovu yaliyotoka, akalinganisha jua na kivuli, jani na mzizi, mchana na usiku.

Aligundua mambo ambayo Priestley hakuyaona. Ni sehemu za kijani tu zinazorekebisha hewa, nazo hufanya hivyo zikipata mwanga wa jua. Gizani, mmea hupumua kama kiumbe kingine chochote na kuiharibu hewa. Alikiandika kitabu chake mwaka huohuo, na kichwa chake kirefu kilitaja yote mawili: uwezo mkubwa wa mimea kusafisha hewa juani, na tabia yake ya kuichafua kivulini na usiku.

Nusu ya kwanza ya ugunduzi huo ndiyo msingi wa elimu ya usanisinuru. Nusu ya pili ilizaa hofu iliyoishi muda mrefu. Katika hospitali za Uingereza, manesi waliendelea kuondoa maua wodini kila jioni hadi katika karne ya 20, na hadi leo wapo wanaokataza mmea chumba cha kulala. Ingenhousz alipima kweli. Lakini pumzi ya usiku ya jani moja huonekana kwa sababu imefungiwa kwenye chombo kidogo. Chumbani, mtu anayelala kando ya chungu hutoa kaboni dioksaidi nyingi kuliko mmea kwa kiasi kisicho na mfano. Anayeuogopa mmea usiku angepaswa kumwogopa zaidi mwenziwe wa kitandani.

Moshi wa London

Wakati wanasayansi wakiusifu mmea kwa kusafisha hewa, katika miji ya viwanda hewa ilikuwa ikiua mimea. Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa mashariki mwa London, alipenda makangaga, lakini kila alichopanda kilikufa kwa moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 1829 aliweka pupa ya nondo kwenye udongo mbichi ndani ya chupa, akaifunika ili aone nondo akitoka. Badala yake kangaga na unyasi vilichipua humo. Maji yalipanda kama mvuke mchana, yakateremka usiku, na mimea ikastawi karibu miaka minne bila kumwagiliwa, ikiwa imekingwa na hewa ya jiji.

Kutokana na chupa hiyo Ward alitengeneza makasha ya kioo. Mwaka 1833 alituma makasha mawili kwa meli hadi Sydney, na mimea ikafika hai baada ya miezi baharini. Tangu hapo miche ya chai, mpira na maelfu ya mimea mingine ilivuka bahari ndani ya kasha la Ward, na dola za Ulaya zikapata njia ya kuhamisha mimea kutoka bara moja hadi jingine. Sebuleni kwa matajiri wa London, kasha lilikuwa pambo. Mimea iliyoachwa nje ya kasha ilitaabika kwa gesi ya taa, na iliyopendwa zaidi ni ile iliyovumilia, kama aspidistra, ambayo haikudai mengi.

Wakati huohuo, huko München, Ujerumani, Max von Pettenkofer alikuwa akitafuta kipimo cha hewa ya nyumbani. Mwaka 1858 alipendekeza kaboni dioksaidi itumike kama alama: ikizidi sehemu moja katika elfu, chumba kimechafuka na watu waliomo. Dawa yake ilikuwa kuingiza hewa ya nje. Lakini aliongeza kanuni ambayo wasafishaji wengi wa hewa wamekuwa wakiisahau tangu hapo: ukiwa na lundo la samadi ndani ya nyumba, usihangaike na madirisha kwanza, litoe lundo.

Kutoka Usambara

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wajerumani walikuwa wamefungua mashamba ya kahawa Derema, katikati ya msitu mnene wa Usambara. Penye shamba jipya palikuwa na wakusanyaji wa mimea. Majani yaliyokaushwa na mbegu vilipelekwa Berlin, ambako Adolf Engler na wenzake walivipa majina ya Kilatini. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire alituma kwa baba yake Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau kutoka milima hiyohiyo. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaliita Saintpaulia. Baadaye likawa mojawapo ya maua yanayouzwa sana duniani kwa ajili ya madirisha.

Dracaena ya Derema ilipitia njia kama hiyo, na sababu ya mafanikio yake ni rahisi. Mmea unaokua chini ya miti mikubwa ya Usambara umezoea mwanga hafifu na joto lisilobadilika sana. Ofisi ya New York yenye dirisha moja na mabomba ya kupasha joto ilifanana na msitu huo kuliko ilivyofanana na bustani ya New York. Kwa sababu hiyohiyo ulipokelewa vizuri mmea jamaa ya mkonge pori, Sansevieria, wenye majani yaliyosimama wima na kingo za njano, uliopata jina la Mbelgiji Émile Laurent aliyeukusanya Kongo. Kusini mwa Afrika ilitoka Chlorophytum, yenye majani membamba ya mistari na vichipukizi vinavyoning'inia. Katikati ya karne ya 20, mapambo ya kijani ya maofisi ya Marekani yalikuwa kwa kiasi kikubwa ni watoto wa misitu ya tropiki, na wengi wao walitoka Afrika. Hakuna aliyewatarajia wafanye kazi nyingine zaidi ya kupendeza.

Nyumba zilizozibwa

Mwaka 1973 ulibadilisha matarajio hayo kwa njia mbili.

Ya kwanza ilikuwa mafuta. Vikwazo vya nchi za Kiarabu vya Oktoba mwaka huo vilipandisha bei ya nishati, na wajenzi wa nchi za baridi wakaanza kuziba kila ufa. Madirisha ya majengo mapya hayakufunguka. Nchini Marekani, kiwango cha chini cha hewa ya nje kilichopendekezwa kwa mtu mmoja kilishushwa hadi futi za ujazo 5 kwa dakika, ambazo ni kama lita mbili na nusu kwa sekunde. Na ndani ya majengo hayo kulikuwa na vitu vipya: mbao za vumbi la mbao zilizoshikanishwa kwa gundi ya formaldehaidi, mazulia ya nyuzi za viwandani, povu la kuzuia baridi lililopulizwa kutani, rangi, viyeyusho, mashine za kunakili. Vyote vilitoa mvuke polepole, na mvuke ulikosa pa kutokea. Watu walianza kulalamika macho kuwasha, koo kukauka, vichwa kuuma, na nafuu waliipata walipotoka nje. Mwaka 1984 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kwamba huenda hadi asilimia 30 ya majengo mapya na yaliyokarabatiwa duniani yalikuwa na malalamiko ya aina hiyo.

Njia ya pili ilikuwa anga za juu. Mwaka huohuo wa 1973 NASA ilirusha kituo chake cha Skylab, na katika hewa ya ndani yake wanasayansi wakatambua kemikali 107 za kikaboni zinazogeuka mvuke kwa urahisi. Huko juu dirisha halifunguliwi. Kwa chombo kitakachokaa angani miaka, au makazi ya mwezini, ilibidi hewa isafishwe palepale ilipo. Wasovieti walikuwa wameshaanza kwa upande wao: huko Krasnoyarsk, Siberia, katika jengo la BIOS-3, watu watatu waliishi siku 180 mwaka 1972 na 1973 wakipata oksijeni kutoka kwa mimea na mwani.

Mtu wa gugumaji

Bill Wolverton, mzaliwa wa Mississippi, aliingia kwenye kituo cha NASA cha jimbo hilo mwaka 1971 akitokea maabara ya jeshi huko Florida. Kituo hicho, kilichokuja kuitwa Stennis, kilitumika kujaribia injini za roketi. Kazi ya kwanza iliyompa Wolverton sifa hapo ilihusu majitaka, na chombo chake kilikuwa mmea ambao wakazi wa Kisumu, Mwanza na Entebbe wangekuja kuulaani baadaye: gugumaji.

Tabia iliyolifanya gugumaji kuwa balaa la Ziwa Victoria, yaani kufyonza virutubisho vya maji kwa kasi na kuzaana bila kipimo, ndiyo Wolverton aliyoitaka. Katikati ya miaka ya 1970 alilipanda kwenye mabwawa ya majitaka ya kituo, nayo maji yakatoka yakiwa safi zaidi. Katika kazi hiyo alijifunza jambo litakaloongoza yaliyofuata: mizizi ni makao ya bakteria, na sehemu kubwa ya usafi hufanywa na bakteria hao. Mmea huwalisha na kuwatunza.

Kutoka majini akahamia hewani. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha jaribio la formaldehaidi kwenye kasha lililozibwa. Chlorophytum ilishinda: katika saa sita iliondoa hadi mikrogramu 2.27 kwa kila sentimita ya mraba ya jani. Hewa ya kuanzia ilikuwa na formaldehaidi sehemu 15 hadi 37 katika milioni. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe ndani ya nyumba ni kama sehemu 0.08 katika milioni. Mmea ulikuwa umepewa hewa iliyochafuka zaidi ya mara 180 ya kikomo hicho, na mahali penye shehena nzito hata mbebaji dhaifu huonekana amebeba nyingi.

Kisha Stennis ikajenga nyumba halisi, ikaiita BioHome. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 14 na upana wa mita 5, imezibwa kila upande, na karibu vitu vyote vilivyoijenga vilikuwa vya viwandani. Aliyeingia mwanzoni alihisi macho na koo vikiwaka. Mimea ilipowekwa ndani, muwasho huo ukapungua, na mwanafunzi mmoja akakaa humo majira mazima ya joto. Kwa mtafiti wa safari za anga, BioHome ilikuwa ushahidi mzuri kwamba njia hiyo inafaa kuendelezwa. Lakini nyumba hiyo nayo ilikuwa sanduku, kubwa kidogo kuliko yaliyotangulia.

Ripoti ya 1989 ilifuata, kwa ushirikiano na chama cha wakandarasi wa bustani cha Marekani. Kemikali zilikuwa tatu: benzeni, trikloroetilini na formaldehaidi. Matokeo ya kila mmea yaliwekwa kwenye majedwali. Mtambaa wa Kiingereza, Hedera, uliondoa karibu asilimia 90 ya benzeni kwa saa 24, na Sansevieria ya Kongo zaidi kidogo ya nusu.

Majedwali hayo ndiyo yaliyosomwa. Kurasa nyingine hazikupata bahati hiyo. Watafiti walieleza kwamba majani ya chini yalipoondolewa ili hewa iguse udongo, usafi uliongezeka. Kwao, mizizi na vijidudu vya udongo vilistahili sehemu kubwa ya sifa. Na kwa matumizi ya ndani ya majengo walichora mfumo ambao haufanani na chungu cha dirishani: mmea uliopandwa juu ya mkaa maalumu wa kunyonya kemikali, wenye feni inayovuta hewa ya chumba hadi mizizini.

Orodha yasafiri

Feni na mkaa vilibaki Mississippi. Orodha ya mimea ikasambaa duniani.

Ilikuwa na kila kitu ambacho habari njema huhitaji: jina la NASA, tatizo linalomgusa kila mwenye nyumba, na dawa ya bei nafuu inayopendeza macho. Wakandarasi wa bustani walikuwa na sababu ya kuitangaza. Kanuni rahisi ikaanza kunukuliwa, mmea mmoja kwa kila futi za mraba 100, sawa na mita za mraba 9 hivi. Wolverton aliondoka NASA, akaanzisha kampuni yake, na mwaka 1997 akatoa kitabu kilichoorodhesha mimea 50 ya kusafisha hewa. Magazeti yakanukuu kitabu, wauzaji wakanukuu magazeti, na mtandao ulipokuja ukanukuu wote. Kila mkono uliopokea orodha uliacha neno moja nyuma, na neno hilo lilikuwa sanduku.

Waliohesabu upya

Katika miaka hiyohiyo, jangwani Arizona, sanduku kubwa kuliko yote lilitoa somo lake. Septemba 1991 watu wanane walifungiwa ndani ya Biosphere 2, jengo la kioo la karibu hekta 1.3 lenye msitu, mashamba na bahari ndogo. Kama mimea ingetosha kutunza hewa popote, ingekuwa hapo. Katika miezi 16 oksijeni ilishuka kutoka asilimia 20.9 hadi kama 14.5, na Januari 1993 ikabidi waongezewe kutoka nje. Udongo uliojaa mboji ulikuwa na bakteria waliopumua kwa kasi kuliko mimea ilivyoweza kufidia, na kaboni dioksaidi iliyotoka ikanaswa na zege la kuta. Vijidudu vya udongo, ambao Wolverton aliwaona wakisafisha hewa, hapa waliila.

Mwaka 1992 mtafiti Hal Levin alichukua takwimu za NASA akazitoa kwenye sanduku na kuziweka kwenye nyumba ya kawaida ya Marekani yenye mita za mraba 140 hivi. Ili kupata kasi ile ya usafi, alihesabu, ingehitajika mimea 680. Hesabu yake ilisomwa na wataalamu, wachache.

Majaribio ya majengo yenye watu yalifuata. Huko Perth, Australia, watafiti waliweka vyungu kwenye ofisi za kuhamishika, wakachapisha matokeo mwaka 2000: mimea 5 au 10 haikubadilisha formaldehaidi, na mimea 20 iliipunguza kwa asilimia 11. Sydney ilitoa habari za kutia moyo zaidi. Mwaka 2006 kikundi cha huko kiliripoti kwamba katika ofisi ambazo jumla ya mvuke wa kemikali ilizidi sehemu 100 katika bilioni, mimea michache iliupunguza kwa hadi asilimia 75, na wao pia walielekeza kidole kwenye vijidudu vya udongo. Mjadala haukuwa wa kama mmea hufanya kazi. Ulikuwa wa kasi: je, hufanya haraka kuliko hewa inayoingia na kutoka yenyewe?

Jibu lililokamilika zaidi lilitoka Philadelphia. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walikusanya tafiti 12 zenye matokeo 196 ya majaribio, wakayageuza yote kuwa kipimo kimoja kinachotumika kwa mashine za kusafisha hewa: mita za ujazo za hewa safi kwa saa. Mmea wa katikati ya orodha ulitoa mita za ujazo 0.023.

Mtu yeyote anaweza kuifuata hesabu hiyo kwa chumba chake. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 30 za hewa. Hewa yote ikibadilishwa mara moja kwa saa, jambo ambalo dirisha lililo wazi hulifanya bila jasho, chumba kimepata mita za ujazo 30. Ili mimea ifanye hivyo inahitajika 30 igawanywe kwa 0.023, yaani mimea zaidi ya 1,300. Cummings na Waring walitoa kadirio la jumla: mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Mwenye chumba hicho angekosa pa kuweka kitanda.

Kinachobaki kweli

Wazo la 1989 halikufa, ila walioliendeleza walirudi kwenye kurasa zilizosahauliwa. Mjini Toronto, jengo la Guelph-Humber lina ukuta wa mimea wa ghorofa nne ambao feni huvuta hewa kupitia mizizini mwake. Huo ni ule mfumo wa Wolverton uliokuzwa hadi kuwa ukuta mzima. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitia kwenye mtambaa wa pothosi jeni ya sungura inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja kemikali. Kwenye vichupa vyao, klorofomu ilipungua kwa asilimia 82 katika siku tatu. Watafiti wenyewe walisema mmea huo utahitaji kupulizwa hewa ili ufae nyumbani. Na mwaka ule ule wa 1989 ambao orodha ya NASA ilitolewa, Marekani iliongeza kiwango cha hewa ya nje kwa kila mtu mara tatu, kutoka futi za ujazo 5 hadi 15 kwa dakika. Habari hiyo haikuwa na picha nzuri ya kuweka gazetini, lakini ndiyo iliyogusa hewa ya mamilioni ya watu.

Orodha imefika pia Dar es Salaam na Nairobi, na mmea wa Derema umerudi nyumbani ukiwa na cheti cha NASA. Ofisi mpya zenye vioo visivyofunguka, viyoyozi vinavyozungusha hewa ileile na samani za mbao za gundi zinafanana na zile za Marekani ya 1975, na dawa yake ni ileile waliyochelewa kuikubali: hewa ya nje. Kwa kaya nyingi zaidi za Afrika Mashariki, lundo la Pettenkofer liko jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kuni, mkaa na nishati nyingine chafu za kupikia ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto walio karibu na jiko. Madhara makubwa ya moshi huo yamo kwenye chembe ndogo za masizi, na hizo hazikuwa hata kwenye majaribio ya Mississippi.

Kwa hiyo pesa ya kusafisha hewa ya nyumba ianze na jiko lisilotoa moshi, kisha dirisha linalotazamana na dirisha ili upepo upite, kisha rangi na samani mpya ziachwe zipoteze mvuke wake kabla ya mtoto kulala chumbani humo. Anayetaka mmea aununue kwa kuwa anaupenda, aumwagilie kwa kiasi na kuufuta vumbi majanini. Kwa Wachaga, masale yalikuwa na heshima karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuyapima kwenye sanduku, na heshima hiyo haikuwahi kutegemea benzeni.